Litowa na haki ya kukataa

Mwishoni mwa mwaka 1960, Tanganyika ikiusubiri Uhuru, vijana wachache wa TANU wilayani Songea waliingia porini Litowa kuanzisha kijiji chao. Aliyewaongoza ni Ntimbanjayo Millinga, katibu wa vijana wa TANU wa wilaya. Hawakupelekwa na bwana shamba, hawakupewa trekta, hawakukopeshwa hata senti. Walikuwa na mashoka, majembe na chakula kisichotosha. Chakula kikaisha kabla shamba halijatoa kitu, nao wakatawanyika kurudi makwao. Mwaka 1961 wapatao kumi walirudi palepale, safari hii wakiwa wamejipanga: chakula kwanza, mengine baadaye. Kijiji kikasimama.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekagua hesabu za vyama vya ushirika mkoani Ruvuma, na baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku ya moshi huko Namtumbo. Kwa hiyo ninapoisoma historia ya Litowa nauliza maswali ya mkaguzi. Nani alishika fedha? Nani aliitisha kikao? Nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na neno lake likasimama? Nikipima kwa maswali hayo, naiona Litowa kuwa moja ya sura kubwa kabisa katika historia ya vijiji vyetu, na inanisikitisha kwamba vijana wa Songea yenyewe wanaifahamu kidogo mno.

Tuanze na hali waliyoikuta. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliiacha Ungoni, nchi ya Wangoni, bila viongozi na bila chakula. Mwezi Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea makumi ya manduna, yaani wakuu walio chini ya chifu, na wapiganaji, kisha wakachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Waingereza walipoichukua nchi, Songea ikageuzwa chemchemi ya vibarua. Vijana waliandikishwa kwa mkataba, wakapewa namba, wakasafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga. Kila kijiji kilikuwa na wanaume waliokuwa manamba, na wanawake waliobaki na jembe na watoto.

Aliyekataa kwenda mkongeni alilima tumbaku ya moshi, zao la fedha la Ungoni, na tangu miaka ya 1930 aliiuza kupitia ushirika wa Ngoni-Matengo. Kazi hiyo naijua kwa mikono yangu. Majani mabichi hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani, nyumba ya kukaushia, safu juu ya safu mpaka darini. Huachwa kwanza yapate rangi ya njano. Kisha moto wa magogo huwashwa sakafuni, moto wa moshi mwingi na mwali mdogo, na hapo ndipo usingizi unapoisha nyumbani. Anayelinda akisinzia na mwali ukadaka jani moja lililokauka, bani na mavuno ya mwaka mzima huteketea kabla majirani hawajafika na ndoo. Moto ukifa, ukungu huingia. Familia hukesha kwa zamu, baba, mama na watoto, macho yakichuruzika. Siku ya soko mteuzi hulitazama fungu, kufumba na kufumbua ameshataja daraja, na mkulima anakwenda kusoma makato yake dirishani. Alikesha peke yake, ameuza peke yake, na hasara ni yake peke yake. Vijana wa Litowa walikuwa wametoka kwenye nyumba za namna hii. Walikuwa wakikimbia upweke huo pamoja na umaskini.

Nisieleweke kwamba watu wa kusini walikuwa hawajui kukaa pamoja na kujiamulia. Jirani zetu Wamatengo, kwenye milima ya Mbinga, wamelima ngolo kwa zaidi ya miaka 100. Mkulima hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha huchimba udongo katikati ya mistari na kuufunika juu ya nyasi, likabaki shimo. Mlima mzima hujaa mashimo yaliyopangwa, mvua ikinyesha maji hutuama humo badala ya kuubeba udongo kwenda bondeni, na nyasi zilizofunikwa huoza kuwa mbolea. Hakuna ofisi ya serikali iliyobuni utaratibu huo. Nyuma yake kulikuwa na sengu: watu wa ukoo mmoja hukusanyika kula chungu kimoja, na papo hapo wakazungumza nani apewe kipande gani cha ardhi, ugomvi gani umalizwe, nani hana chakula mwaka huu, kijana gani anahitaji kuonywa. Chakula, ardhi na hukumu vilikuwa katika kikao kimoja. Aliyekula pale alijua kila kitu kilichoamuliwa, kwa kuwa alikuwepo.

Litowa waliuchukua moyo huo na kuufikisha kwa watu wasio wa ukoo mmoja. Waliolima pamoja shamba la kijiji walikutana pamoja na kupanga pamoja. Vijiji vingine vikaja kuuliza: mnafanyaje? Mwaka 1963 vikaunda Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma, uliojulikana zaidi kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, RDA. Mwaka huohuo alifika Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika shamba la misheni la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, mahali ambapo Waafrika na Wazungu walilima pamoja nchi ikiwa chini ya ubaguzi. Alikuja na mkewe Noreen na watoto wao, wakaishi Litowa, akawa mshauri wa umoja. Kufikia 1969 vijiji vilikuwa 17.

Jinsi umoja huo ulivyokua ndiyo sehemu ninayopenda kuisoma taratibu. RDA haikwenda kuhamasisha watu kwa gari na kipaza sauti. Kikundi kilichotaka kujiunga kilikuja chenyewe, kikaeleza nia yake, kikaangaliwa kama kweli kiko tayari kufanya kazi. Kikikubaliwa, hakikupelekewa mkuu. Kilipelekewa watu wachache wazoefu kutoka vijiji vilivyotangulia, kikosi kilichoitwa SERA, wakaenda kuishi na wenyeji, kulima nao na kuketi nao kwenye vikao, kisha wakaondoka. Kila kijiji kilichagua kamati yake na kupanga chenyewe walime nini, waanze saa ngapi, mapato wagawane vipi. Walianza na mahindi na maharage ya kula, kwa maana Litowa ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa imekwisha kuwafundisha kwamba mwenye njaa hapangi chochote. Zao la kuuza lilifuata.

Kadiri vijiji vilivyoshiba, ndivyo umoja ulivyoweza kushika kazi ambazo kijiji kimoja kisingeziweza. RDA ikamiliki kinu cha kusaga nafaka mjini Songea, mashine ya kupasulia mbao, karakana ya ufundi, na ikaanzisha ufumaji. Litazame jambo hili kwa jicho la hesabu. Mkulima wa kawaida wa Songea aliuza mahindi yake ghafi kwa bei ya mwenye kinu, akanunua unga kwa bei ya mwenye kinu huyohuyo. Mwanakijiji wa RDA alikuwa mmoja wa wenye kinu. Faida iliyokuwa ikiishia mjini ikapata njia ya kurudi shambani, na uamuzi wa kuitumia ukawa wa watu waliolima.

Mabadiliko yaliingia hadi majumbani. Wanawake walikaa kwenye mkutano na kusema. Litowa ilikuwa na mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Huko walilishwa vizuri na kuangaliwa afya, na vifo vya watoto vikapungua sana. Anayetoka kwenye kijiji ambacho kila mama alikuwa amezika mtoto anajua uzito wa sentensi hiyo. Kulikuwa pia na shule, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, iliyopokea watoto wa vijiji mbalimbali vya umoja. Walisoma, walilima chakula chao, walishiriki kupanga mambo ya shule, na waliandaliwa kurudi kuishi kijijini wakiwa watu wazima wenye ujuzi, wakati shule nyingine zikimwandaa mtoto kuukimbia ukulima. Mwalimu mmoja Mmarekani aliyefundisha hapo, Kate Wenner, aliandika kitabu kuhusu maisha hayo na kukipa jina la Kiswahili, *Shamba Letu*.

Sasa weka kando ya Litowa kile ambacho serikali ilikuwa ikifanya miaka hiyohiyo. Kwa ushauri wa Benki ya Dunia, Tanganyika ilianzisha makazi mapya ya wakulima katika sehemu kadhaa za nchi, kama yale ya Upper Kitete huko kaskazini. Mpango ulikadiria takriban pauni 150,000 kwa makazi ya familia 250. Matrekta yaliletwa, nyumba zikajengwa, meneja akawekwa, na mkulima akaambiwa lini alime na lini anyunyize dawa. Madeni yakazidi mavuno. Walowezi wakajiona vibarua wa serikali, na kwa kweli hawakukosea, kwa sababu hakuna walichokuwa wameamua. Mwaka 1966 serikali yenyewe iliachana na mpango huo. Wale waliopewa kila kitu walikwama, na wale wa Songea waliokaribia kufa njaa mwaka wa kwanza walikuwa wanaongeza vijiji.

Mwalimu Nyerere aliiona tofauti hiyo. Alifika Litowa mwaka 1965 akavutiwa sana na alichokiona. Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967, likafuatwa mwezi Machi na Elimu ya Kujitegemea na mwezi Septemba na Ujamaa Vijijini, mtu anayeijua Litowa aliweza kuitambua katika kurasa hizo: shule yenye shamba, kijiji cha hiari, kiongozi anayeshawishi bila kulazimisha. Mwalimu alisisitiza katika maandiko yake kwamba ujamaa haulazimishwi. Nampenda Mwalimu kwa hilo, na ndiyo maana kilichofuata kinaniuma.

Kwa wakuu wa mkoa na wa chama, RDA ilikuwa tatizo. Kijiji cha kawaida kikipokea agizo kilipiga makofi, hata kama hakikulitekeleza. Kijiji cha RDA kilipokea agizo kikaliweka mezani, kikalijadili, na wakati mwingine kikasema halifai. Umoja ulikuwa na fedha zake, magari yake, wahisani wake wa nje kama Oxfam, washauri Wazungu, na njia ya moja kwa moja ya kumfikia Rais. Mpakani hapakuwa mbali, na ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji, FRELIMO ilikuwa vitani na Wareno. Ilikuwa rahisi kuuliza: hawa watu ni wa nani? Wanamtii nani?

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, Mwalimu mwenyewe akiwa mwenyekiti wa chama, iliamua RDA ivunjwe. Waziri Peter Kisumo ndiye aliyekwenda kuwatangazia wanakijiji kwamba umoja wao si halali tena na kwamba kazi yake sasa ni ya chama. Mali ikachukuliwa: kinu, mashine ya mbao, magari. Washauri wa kigeni wakaondoka. Walimu wa shule ya Litowa wakahamishiwa kwingine. Vijiji havikuchomwa wala kufukuzwa watu. Kilichoondolewa ni kile tu kilichovifanya vijitawale: mfuko wa pamoja, shule yao, na kikao ambacho kilikuwa hakiombi ruhusa.

Miaka michache baadaye taifa zima lilionja matokeo. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ikaanza. Watu walipakiwa kwenye malori na kushushwa kwenye vigingi vilivyopimwa kwa kamba kando ya barabara, wengine wakiacha migomba, makaburi ya wazee na mashamba waliyoyajua udongo wake. Mwaka 1975 vijiji vikatungiwa sheria, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Kufikia 1977 ilihesabiwa kuwa zaidi ya watu milioni 13 wanaishi vijijini. Nyumba zilikuwa karibukaribu, shamba la pamoja lilikuwepo, bango la kijiji lilikuwepo. Kwa umbo, nchi ilikuwa imejaa Litowa. Ila watu hawakuwa wameulizwa, na shamba la pamoja ambalo hakuna aliyeliamua likawa shamba ambalo hakuna aliyelipalilia.

Wapo wanaoniambia kwamba RDA nayo haikujitegemea kweli: ilipokea fedha za wahisani na ilimtegemea Mwingereza. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Fedha za nje zilisaidia mashine na magari, hilo halina ubishi. Lakini kipimo ninachokitumia kwa chama chochote ni hiki: ondoa msaada, chakula kinabaki? Vijiji vya RDA vilikuwa vinajilisha. Wahisani walikuta watu waliokwisha kuanza. Na Matetereka imetoa jibu kwa vitendo. Kijiji hicho cha RDA, kilicho leo upande wa Madaba, kiliendelea kulima kwa pamoja kwa miaka mingi baada ya umoja kuvunjwa, bila Ibbott, bila kinu cha Songea, bila kikosi cha SERA. Mtafiti David Edwards alipochapisha habari zake mwaka 1998, alikiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Watu waliokwisha kuzoea kuamua waliendelea kuamua.

Udhaifu wa kweli wa RDA naona ulikuwa kwingine. Uhuru wake ulilindwa na mapenzi ya mtu mmoja aliyekuwa Ikulu. Hapakuwa na sheria ambayo mwanakijiji angeweza kuifungua na kusema, mali hii ni yetu, kikao hiki ni chetu, na hata chama hakina mamlaka ya kukifunga. Ulinzi wa mtu mmoja ulipokosekana kwa siku moja, hakikubaki kitu cha kushika.

Hapo ndipo sisi wa leo tuna bahati ambayo Millinga na wenzake hawakuwa nayo, na tunaichezea. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya juu kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano huo kabla ya kugawa ardhi. Haki ya kukataa, iliyowagharimu watu wa RDA kila kitu, sasa imeandikwa. Lakini nimepita vijiji ambako mkutano unaotakiwa kila miezi mitatu haujaitishwa mwaka mzima, na daftari la mapato limefungiwa kabatini na ufunguo umesafiri.

Nimeona pia kinyume chake. Katika chama kimoja cha msingi cha tumbaku, mwenyekiti alikuwa anasoma makisio ya pembejeo haraka haraka, mawingu yamekwisha kutanda, watu wameanza kuangalia njia. Bibi mmoja akasimama nyuma.

"Mwanangu mwenyekiti, samahani. Hizo kamba za kufungia tumbaku umesema kilo ngapi?"

Akatajiwa.

"Na wakulima tuko wangapi?"

Akatajiwa.

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Basi hizo zinatosha misimu miwili. Mimi hapo sipitishi."

"Bibi, hayo ni makisio tu, tutarekebisha baadaye."

"Rekebisha sasa, baba. Baadaye mimi sitakuwepo, na deni litakuwepo."

Mvua ikaanza, na hakuna aliyeondoka. Mstari ule ukakatwa, ukaandikwa upya, ukasomwa tena kwa sauti, ndipo mikono ikanyooshwa. Bibi yule hajui kusoma. Kwa kipimo changu alikuwa mkaguzi kuliko mimi, maana mimi huja baada ya fedha kupotea.

Kujitawala kwa jamii kunajengwa na watu wa namna hiyo, wengi wakiwa pamoja, kikao baada ya kikao. Kulima pamoja ni kuzuri, kinu cha pamoja ni kizuri, shule yenye shamba ni nzuri. Lakini Operesheni ilituonyesha kwamba vyote hivyo vinaweza kuwepo bila kujitawala. Litowa ilikuwa na uwezo wa kuliambia agizo, hata agizo lenye nia njema, kwamba lisubiri kwanza lizungumzwe.

Ningependa shule za sekondari za Ruvuma ziifundishe Litowa pamoja na Maji Maji. Wanafunzi wetu wanakwenda makumbusho ya Songea kila Februari kuwakumbuka walionyongwa, na wanafanya vema. Wajue pia kwamba nusu karne baada ya vita vile, watoto na wajukuu wa walionusurika walijenga vijiji 17 vilivyojilisha na kujiamulia, na kwamba vilivunjwa kwa uamuzi wa kikao ambacho wao hawakukaa. Na mkutano mkuu wa kijiji chako ukiitishwa, nenda. Usipoitishwa, mfuate mtendaji ukamuulize kwa nini, kisha uombe daftari lisomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya wote.